Kabla hujabuni jiko jipya, tafuta mizani

Tangu uzinduliwe Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, ule unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, maabara yetu haijakosa wageni. Karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayebisha hodi ana mchoro wa jiko mkononi. Mimi ni fundi sanifu kwenye maabara ya mwako ya chuo kikuu hapa Dodoma. Kazi yangu ni mizani, oveni, vipimo vya gesi na kuzoa majivu. Kusaini andiko lako si kazi yangu, hiyo ni ya msimamizi wako, ila nimeona projekti nyingi zikiingia na kutoka, na neno ninalowaambia wadogo zangu mlangoni ni moja tu: jiko liache kwanza, jifunze kupima. Majiko yapo mengi. Vipimo vya kuaminika ndivyo adimu.

Tuanze na kuni zenyewe, kwa sababu hapo ndipo projekti nyingi huharibika kabla kiberiti hakijawashwa. Mtu ananunua mzigo wa migunga barabarani, anauleta, anawasha, anaandika "kilo 1 ya kuni". Kilo 1 ya nini? Kuni iliyokauka vizuri, iliyobaki na maji asilimia 10 ya uzito wake, inakupa karibu megajuli 16 za nishati. Kuni mbichi yenye maji asilimia 40 inakupa kama 10, maana sehemu kubwa ya ulichonunua ni maji, na moto unatumia nguvu kuyageuza mvuke kabla haujakupa chochote. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko maboresho mengi ya majiko ninayoonyeshwa. Ukilipima jiko la zamani kwa kuni za Februari, mvua ikiwa inanyesha, halafu jiko lako jipya ukalipima Septemba wakati Dodoma nzima imekauka, jiko lako litashinda tu. Hata mafiga matatu yangeshinda.

Kwa hiyo kata vipande kutoka sehemu mbalimbali za mzigo, vipime, viweke kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito uache kushuka, upime tena. Ndiyo, inachukua muda, na ndiyo, umeme ukikatika utasubiri. Vile vipimo vidogo vya unyevu vyenye sindano ni vizuri kwa haraka, lakini pasua kuni kwanza uchome sindano ndani. Ganda la nje huwa kavu hata moyo ukiwa mbichi. Halafu eleza unyevu umeuhesabu kwa msingi gani. Kuni ya gramu 1,000 ikitoka kwenye oveni na gramu 800, imepoteza gramu 200: ukigawanya kwa uzito wa mwanzo ni asilimia 20, ukigawanya kwa uzito mkavu ni asilimia 25. Zote mbili ni sahihi na zote mbili zinatumika duniani. Vipimo vya sindano kwa kawaida husoma hiyo ya pili. Nimeona ripoti zinazochanganya hizo mbili kwenye jedwali moja, na hakuna aliyeuliza.

La pili ni maji ya kuchemsha. Jaribio linalojulikana zaidi la majiko ni la kuchemsha maji, mara nyingi lita 5: unaanza jiko likiwa baridi, unarudia likiwa moto, kisha unayaacha yatokote taratibu kwa dakika 45. Mwanafunzi anatumbukiza kipimajoto, anakaa anasubiri nyuzi 100. Dodoma! Tupo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Utasubiri 100 mpaka sufuria iungue. Na unapoendelea kusubiri, moto unaendelea kula kuni, maji yanageuka mvuke, na hesabu yako inaharibika pande zote. Siku ya kwanza chemsha maji tu, angalia kipimajoto kinasimama wapi, andika. Hiyo ndiyo nyuzi yako ya kuchemka, na mahesabu yote yafuate hiyo, si ile ya kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtu wa Tanga.

Kuna jambo jingine kwenye jaribio hili ambalo halinipendezi, na nalisema wazi. Mvuke uliotoka unahesabiwa kuwa kazi iliyofanyika. Kupasha lita 5 kutoka nyuzi 24 hadi 96 kunahitaji megajuli 1.5 hivi. Nusu lita ikigeuka mvuke, hiyo peke yake ni zaidi ya megajuli 1.1. Sasa jiko linalofoka moto usiotulia, linalotoa mvuke mwingi baada ya maji kuchemka, linapata ufanisi mzuri kwenye karatasi, wakati mama anayepika maharage alitaka moto mdogo na mfuniko umefungwa. Hakuna anayekula mvuke. Fanya jaribio hilo kwa sababu wengine watataka kulinganisha, ila usiishie hapo. Pika chakula halisi, pima kuni zilizotumika kwa kila kilo ya chakula kilichoiva.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo wengi hulichanganya: kula kuni kidogo na kuwa safi ni vitu viwili. Kuni ikipata joto, asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake mkavu hutoka kama gesi na mivuke, na hizo ndizo zinazowaka kama miale ya moto. Zinahitaji joto la kutosha, hewa iliyochanganyika nazo vizuri, na muda wa kumaliza kuungua kabla hazijagusa kitu cha baridi. Sufuria yenye maji ni kitu cha baridi. Ukiishusha sufuria karibu na moto ili joto lisipotee, ufanisi unapanda. Lakini ukiizidisha, miale inapigwa na baridi ya chuma kabla haijamaliza kazi, unapata masizi na kaboni monoksidi, gesi ya sumu. Vivyo hivyo ukiziba mapengo ya hewa mengi mno. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO 19867 cha mwaka 2018 kinapima ufanisi, kaboni monoksidi na chembechembe za moshi kila kimoja peke yake. Ukinionyesha jiko lako, niambie yote. Ukinipa ufanisi tu, nitajua hukupima moshi.

Kuhusu vipimo vya hewa nitasema machache. Pima hewa ya chumba kabla hujawasha chochote, kila siku. Kiangazi hapa upepo unabeba vumbi, na kile kihisi cha moshi cha bei nafuu ulichonunua kwa hela ya bumu, yaani mkopo wa chuo, hakijui vumbi la Ihumwa ni lipi na masizi ya jiko lako ni yapi. Ukitumia chujio la kunasa moshi, likitoka na rangi ya kahawia badala ya weusi, umepima vumbi la barabarani, si jiko. Vihisi vingi vya kaboni monoksidi navyo huitikia pia haidrojeni, na majiko yanayogeuza kuni kuwa gesi huitoa, kwa hiyo namba inaweza kuwa kubwa kuliko ukweli.

Na mkaa. Tafadhali, mkaa uliokolea na usiotoa moshi si mkaa salama. Kaboni dioksidi inayozaliwa chini ya jiko inapopanda kupita kwenye makaa mekundu hugeuka kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Usiku wa Juni na Julai, baridi ya Dodoma ikiuma, kuna watu huingiza jiko chumbani na kufunga dirisha. Kama hutakumbuka kingine chochote humu, kumbuka usilale na jiko la mkaa ndani. Na kwenye maabara, kipimo cha gesi kikilia, toka kwanza, sababu utaitafuta ukiwa nje.

Wanaokuja na mkaa mbadala huwa nawapenda, kwa sababu malighafi tunazo: maganda ya karanga, maganda ya alizeti, matawi ya mizabibu yanayopogolewa, makapi ya mpunga kutoka Bahi. Ila si zote ni sawa. Makapi ya mpunga huacha majivu kama asilimia 20, na mengi yake ni silika, madini yasiyoungua kama ya mchanga. Kuni ya kawaida mara nyingi haifiki hata asilimia 2. Ukiyashindilia na udongo badala ya uji wa wanga wa muhogo, majivu yanazidi, na mteja wa soko la Majengo aliyezoea kununua mkaa kwa sado ataona jiko limejaa majivu na chungu hakijaiva. Choma sampuli kwenye tanuri upime majivu kabla hujatengeneza mashine ya kushindilia. Nimeona mashine nzuri sana zikishindilia kitu kisichowaka.

Halafu mpelekee mama lishe. Mmoja aliliangalia jiko la mwanafunzi wetu, lenye namba nzuri kweli, akaweka sufuria ya ugali wa mtama, akasonga mara mbili tatu, akasema, "Mwanangu, jiko lako zuri, ila linacheza." Maji hayasongwi, ndiyo maana maabara haikuliona hilo.

Kuna wakati pia jibu halimo kwenye moto. Kwa maharage, jungu la umeme la presha linapandisha joto kupita nyuzi 110, na kwa mji ambao maji yake yanachemka 96, faida yake ni kubwa kuliko Dar. Kama nyumba ina umeme na bili inalipika, liweke kwenye ulinganisho wako, hata kama litalishinda jiko lako. Msimamizi anaweza kununa kidogo. Atazoea.

Ukija kwetu, njoo na daftari lenye kurasa zilizoshonwa, siyo karatasi. Andika uzito kama mizani ilivyosoma, pamoja na majaribio yaliyoharibika, na kila jaribio lirudie angalau mara tatu kabla hujatoa wastani. Kuni zipasue ukiwa nyumbani, shoka letu halina mpini.