Maswali ya Magari: IST Marekani inaitwaje?

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina IST ya 2004, imegongwa mbele, taa ya kushoto na bampa vimeisha kabisa. Mdogo wangu yuko Texas anakuja mwezi wa 12, nikamwomba aniangalizie spea huko, kaenda dukani wanamwambia gari inaitwa IST hawajawahi kuisikia. Ina maana Marekani hazipo? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Dada salama kabisa, na pole kwa ajali. Mdogo wako kauliza vizuri tu, jina ndo limemkwamisha. Hiyo gari Marekani ilikuwepo ila Toyota hawakuiuza kwa jina la IST wala hata kwa nembo ya Toyota, mwaka 2003 walianzisha nembo nyingine inaitwa Scion kwa ajili ya vijana, maana vijana wa kule walikuwa wanaona Toyota ni gari za wazazi wao, basi IST ikaingia sokoni kwa jina la Scion xA. Nembo ya Scion yenyewe ilifungwa 2016. Kwahiyo akirudi dukani aulize xA.

Ila subiri, usimtume bado. Toa kadi ya gari uangalie chasisi. Kama inaanza na NCP61 hiyo ni cc 1500 yenye injini ya 1NZ, na xA za Marekani nazo ni NCP61 hivyohivyo, mmelingana. Kama ni NCP60 yako ni cc 1300, injini ni 2NZ, hapo ukitaka kitu cha injini linganisha kwanza namba ya spea, usiende kwa macho.

Sasa taa. Nakuomba sana dada yangu taa asikubebee. Wenzetu kule wanapita kulia mwa barabara sisi tunapita kushoto, na taa ya gari imetengenezwa imulike juu kidogo upande wa ukingo wa barabara ili uone waenda kwa miguu na alama. Ya kwao inainua mwanga kulia, na kulia kwetu ndiko anakotokea mwenzio, ukiifunga utakuwa unampiga machoni kila unayepishana naye usiku hata kama hujawasha full, nimeshapishana na gari za hivyo barabara ya Morogoro, inatisha, kwa sekunde kadhaa huoni chochote mbele yako. Taa nenda Gerezani ukachukue ya mtumba wa Japani, Wajapani wanapita kushoto kama sisi. Bampa nalo asilibebe, ni mzigo mkubwa bure na hapa yapo. Dashibodi na stelingi raki usiulize kabisa, usukani wao uko kushoto. Mwambie alete plagi na filta, ni vyepesi na vinaingia kwenye begi.

SWALI: Ndugu, mimi niko Nairobi, nimepata Harrier ya 1999, mwenye gari ameibandika nembo ya Lexus na anataka niongeze pesa juu kwa sababu eti ni Lexus. Nimpe?

JIBU: Usimpe hata shilingi. Lakini hapo kuna ukweli nusu ndo maana wengi wananaswa. Harrier ilitoka Japani mwishoni mwa 1997, mwaka uliofuata gari ileile ikapelekwa Marekani kwa jina la Lexus RX 300. Wakati huo Lexus, nembo ya kifahari ya Toyota, ilikuwa ya nje tu, Japani kwenyewe hawakuwa na duka la Lexus mpaka 2005, kwahiyo nyumbani gari ilivaa kile kindege unachokiona mbele kwenye grili, maana harrier ni aina ya mwewe. Altezza nayo hivyohivyo, nje ni Lexus IS. Aristo nje ni Lexus GS.

Shida iko chini ya boneti. RX 300 iliyouzwa Marekani ilikuja na V6 (silinda sita) ya cc 3000 peke yake, Harrier za Japani kuna za V6 na kuna za silinda nne cc 2200, chasisi za hizo za silinda nne zinaanza na SXU. Fungua boneti, kama ni hiyo ya silinda nne basi huyo anakuuzia kibandiko. Na siku fundi wako akiamini nembo akaagiza spea za RX, itakula kwako. Ukiinunua irudishie mwewe wake.

SWALI: Baba yangu mstaafu anataka kununua Starlet mpya kwa wakala. Fundi wake anasema hiyo sio Toyota ni Suzuki, mzee kakasirika hataki kusikia. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Mwambie mzee kwa heshima kwamba fundi hajakosea. Starlet hii inayouzwa Afrika tangu 2020 ni Suzuki Baleno, inatengenezwa India na Suzuki, na injini ni ya Suzuki. Sio siri, Toyota na Suzuki walitangaza wenyewe mwaka 2019 kwamba watapeana magari. Haina undugu wowote na zile Starlet za miaka ya 90 ambazo nadhani ndizo mzee anazikumbuka. Mimi kwa maoni yangu sio gari mbaya, ni nyepesi na mafuta inakula kidogo, ila mnunuzi ana haki ya kuambiwa hili mezani kabla hajalipa na sio kuja kulisikia kwa fundi gereji. Faida kwake ni kwamba kitu kikiadimika kwa Toyota anaweza kuulizia cha Baleno, kizazi kilekile, alinganishe namba.

SWALI: Noah na Voxy ipi bora?

JIBU: Ni gari moja. Zamani Toyota Japani walikuwa na minyororo tofauti ya maduka, Noah ikauzwa kwenye maduka ya Corolla na Voxy kwenye maduka ya Netz, wakazitofautisha sura tu, ndivyo ilivyokuwa pia kwa Premio na Allion. Chukua iliyotunzwa vizuri.