Feni ya hudi ijiwashe yenyewe: fundi wa stima anajibu

SWALI: Fundi, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Nina hoteli ya samaki. Tunakaanga ngege na omena kutwa nzima, majiko mawili ya gesi na moja la makaa. Juu yake kuna hudi, ile kofia ya kukusanya moshi, yenye feni ya kuutoa nje, lakini wapishi huisahau mpaka wateja waanze kukohoa, na mmoja huizima makusudi eti inampigia kelele. Nimepata fundi anayetaka kuweka themostati ili feni ijiwashe jiko likipata moto. Anasema kazi ni ndogo: akate waya wa laivu unaoenda kwenye feni, aupitishe kwenye themostati, basi. Kifaa chenyewe ni cha Marekani, kimepangwa nyuzi 90. Nimruhusu? – Mama Hoteli

JIBU: Mama, wazo ni zuri, ila huo waya asiukate kwanza.

Hizo 90 ni za Fahrenheit, yaani kama 32 za Selsiasi. Sasa niambie, hapo Kondele, chini ya mabati, ni mchana gani jikoni kwako hushuka chini ya 32? Feni itazunguka hata majiko yakiwa yamezimwa, na bili ya stima ni yako. Ungekuwa Nakuru, kule juu kwenye baridi ya asubuhi, ningekwambia jaribu. Kisumu, subiri saa nane mchana moto ukiwa umezimwa, pima joto ndani ya hudi, kisha mpange themostati nyuzi nane au kumi juu ya hapo. Ukipata 36, weka 45. Washa jiko moja tu, dogo. Feni isipoamka baada ya dakika chache, teremsha kidogo. Kuna mitambo yenye sensa (vihisi joto) mbili, moja ya chumba na moja ya hudi, inayolinganisha yenyewe. Bei yake ni ya juu, lakini kwa joto la ziwani ndiyo ningependelea.

Sasa huo waya. Mota ikianza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hata saba ya ule wa kawaida. Vidole vidogo vya themostati havikuundwa kubeba mzigo huo kila siku. Vitaungua feni isiwake, au vitashikana isizime tena. Themostati kazi yake ni kutoa amri tu. Wa kubeba mzigo ni kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme, pamoja na ovalodi, kifaa cha kulinda mota isizidiwe na mkondo. Muulize fundi wako A1 na A2 ni nini. Akisita, mtafute mwingine. Hizo ndizo ncha za koili, ile sumaku ya kontakta: laivu ya amri ipite kwenye fyuzi, ipite ncha 95 na 96 za ovalodi, iingie kwenye themostati, ifike A1, A2 irudi kwenye nyutro. Hakikisha koili imeandikwa volti 240, kwa sababu nimezikuta za volti 24 zimeunganishwa laivu moja kwa moja, na harufu yake sitaisahau.

Swichi ya wapishi isiwekwe kabla ya themostati wala baada yake. Iwe sambamba nayo, kila moja ikiwa na njia yake ya kufika A1. Hapo mpishi anaweza kuwasha feni mapema, lakini jiko likiwa moto hawezi kuizima, apende asipende. Na swichi hiyo utaihitaji, mama, kwa sababu ya lile jiko la makaa. Makaa yakianza kushika, moshi ni mwingi na joto ni dogo, na ile hewa ya sumu isiyo na harufu inatoka kabla themostati haijahisi lolote. Mwenye kuwasha makaa awashe feni kwanza.

Mwambie pia aongeze relei ya muda, ili joto likishuka feni iendelee kwa dakika kadhaa. Bila hiyo kontakta itakuwa inagonga ta-ta-ta kila sufuria ikiinuliwa.

Sensa ikae pale hudi inapoingia kwenye bomba, nyuma ya filta, mahali mkono unafika. Mafuta ya samaki huivika koti na ikawa nzito kuhisi, kwa hiyo ifutwe kila mnaposafisha filta. Waya wake uwe wa silikoni unaostahimili joto, si ule wa PVC wa nyumbani ambao mwisho wake ni nyuzi 70, na usipitishwe kabisa ndani ya bomba la moshi. Mlango wa jikoni ukiwa mzito kuufungua feni inapozunguka, hewa ya kuingia haitoshi, toboa dirisha.

Fundi akuonyeshe leseni yake ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, kabla hajapanda ngazi. Mpe nusu ya pesa. Akimaliza, weka mafuta motoni, feni ijiwashe, kisha mwambie azime ile swichi ya wapishi. Feni ikinyamaza, salio libaki kwako.