Re: Treni ya Dar–Arusha ni mpya au ilikuwepo zamani?

Mkuu umeuliza kama treni ya Arusha ni kitu kipya. Hapana, ilikuwepo toka enzi, ila ilipotea mda mrefu sana ndo maana vijana wengi wanaona kama imeletwa juzi.

Reli yenyewe walianza kuijenga Wajerumani pale Tanga 1893, wakaenda nayo mdogo mdogo, Korogwe 1902, Mombo 1905, hadi 1911 ndo ikagusa Moshi. Arusha ilifika 1929, kipindi hicho tayari Mwingereza ndo anatawala. Sasa kitu ambacho wengi hawakijui, Dar haikuwa imeungana na hiyo reli kabisa, mpaka 1963 tulipokuwa tushapata uhuru ndo kikafunguliwa kipande cha Ruvu (kwenye reli ya kati inayotoka Dar) hadi Mruazi (kwenye hiyo reli ya Tanga), na mimi kwangu hicho kipande ndo muhimu kuliko vyote maana bila hicho hakuna treni ya Dar kwenda kaskazini.

Treni ya abiria ilikatika miaka ya 90. Treni ikarudi Moshi Desemba 2019, Arusha Oktoba 2020, na reli ni ileile ya upana wa mita moja, sio SGR, ile reli mpya iliyo pana zaidi.