Neovim ikijibana kwenye kona ya dirisha

Natumia i3, programu inayopanga madirisha yenyewe yakajaza skrini bila kupandiana. Nimetega kitufe kinachofungua Alacritty (terminali, yaani dirisha la kuandikia amri) ikiwa na Neovim (kihariri cha maandishi) ndani moja kwa moja: `alacritty -e nvim`. Mara nyingi inafunguka vizuri. Mara mojamoja maandishi yanajibana kona ya juu kushoto, na dirisha lote lililobaki ni tupu. Ukibadilisha tu ukubwa wa dirisha, kila kitu kinakaa sawa na ushahidi umepotea.

Kwa hiyo tatizo likikutokea, usiliguse dirisha. Wengi hukimbilia kufuta programu-jalizi moja baada ya nyingine, na kwa kuwa tatizo halitokei kila mara, yoyote utakayofuta itaonekana ndiyo iliyokuwa mchawi, mpaka wiki ijayo. Kuzitoa kwenye kesi zote kwa mpigo, fungua kwa `nvim --clean`, ambayo haisomi mipangilio yako. Kwangu ilijibana hata hivyo.

Dirisha likiwa bado bovu, andika `:set lines? columns?`. Mimi nilijibiwa 24 na 80. Sasa unahitaji terminali ya pili, lakini hamia kwanza eneo jingine la kazi: ukiifungua hapohapo, i3 italipunguza lile dirisha la kwanza na hitilafu itajiponya mbele ya macho yako. Ukishahama, `ps -C nvim -o pid,tty` itakuonyesha namba ya mchakato na terminali yake, tuseme pts/3. Iulize kerneli, kiini cha mfumo endeshi: `stty -F /dev/pts/3 size`. Jibu lilikuwa ukubwa kamili wa dirisha. Yaani kerneli inaujua ukweli, Neovim haina habari. Nikatuma `kill -WINCH` (haiui, inatuma tu ishara kwamba ukubwa umebadilika) kwa mchakato ule, nikarudi kutazama: maandishi yamejaa dirisha zima.

Kinachotokea ni mbio. Terminali huanza na mistari 24 ya herufi 80, vipimo vilivyozoeleka tangu enzi za VT100, terminali ya mwaka 1978. Papo hapo i3 inaitanua, na kerneli inatuma ishara ya SIGWINCH kutangaza ukubwa mpya. Ishara hiyo ikifika wakati Neovim imeshasoma vipimo vya zamani lakini haijaanza kusikiliza, inapuuzwa tu, na hakuna anayeirudia. Ukifungua terminali kwanza, kisha ukaandika `nvim` kwa mkono, huoni tatizo, maana dirisha limeshatulia.

Kabla ya kutibu, tafuta namna ya kuifanya hitilafu itokee mara kwa mara. Bila hivyo hutajua kama dawa imefanya kazi au ni bahati. Mimi niliibebesha kompyuta kazi nzito ya kukompaili huku nikifungua na kufunga dirisha.

Dawa niliyobaki nayo si ya kiungwana, ila inafanya kazi:

`alacritty -e sh -c 'sleep 0.1; exec nvim'`

Mashine yako ikiwa nzito zaidi, ongeza hiyo 0.1, yaani sekunde za kusubiri dirisha litulie.

Namba za Neovim na za kerneli zikilingana lakini herufi zimevurugika, huo ni ugonjwa mwingine. Bonyeza Ctrl-L ichore upya, kisha angalia `echo $TERM`, jina la aina ya terminali ambalo programu zinaliamini. Ndani ya tmux, programu inayogawa terminali moja kuwa nyingi, thamani yake inatakiwa ianze na `tmux` au `screen`.