Ukienda kusikiliza okestra Edinburgh, anza na ndogo

Mara ya kwanza nilipohudhuria Tamasha la Kimataifa la Edinburgh, huko Uskoti, ambalo limekuwa likifanyika mwezi Agosti tangu 1947, nilikata tiketi ya onyesho kubwa katika ukumbi wa Usher Hall, wenye viti zaidi ya 2,000, nikidhani ukubwa ndio utamu. Nilikaa juu kabisa, nyuma, wanamuziki wakionekana kama sisimizi, na hadi tunatoka sikuweza kusema ni ala ipi iliyotoa sauti ipi. Tangu hapo, kila mgeni wa muziki huu wa klasiki wa Ulaya anayeniuliza aanzie wapi humwambia aanze na okestra ndogo, ile ya wapigaji thelathini au arobaini, na akae karibu.

Ukumbi ninaoupenda kwa kazi hiyo ni Queen's Hall. Ulijengwa mwaka 1823 kama kanisa, ukageuzwa kuwa ukumbi wa muziki mwaka 1979, na mpaka leo baadhi ya wasikilizaji hukaa kwenye mabenchi ya waumini. Maonyesho ya tamasha hapo kwa desturi huanza saa tano asubuhi, wakati akili bado haijachoka. Okestra ndogo mara nyingi hupiga bila mwongozaji; mpiga fidla wa kwanza huinua shingo ya fidla yake kidogo, huvuta pumzi ambayo ukiwa safu ya tatu unaisikia, na wote huingia pamoja. Hilo huwezi kuliona ukiwa juu darini.

Sisi tuliolelewa na taarabu tumezoea kuinuka wimbo ukiwa katikati tukaenda kumtuza mwimbaji, kwa hiyo suala la makofi hutusumbua. Simfonia, yaani utunzi mrefu wa okestra, ya Haydn au ya Mozart, watunzi wa karne ya kumi na nane, kwa kawaida ina sehemu nne, na kimya kilichopo kati ya sehemu na sehemu si mwisho. Mimi nilipiga makofi peke yangu baada ya sehemu ya kwanza, kwa nguvu, na bibi mmoja mbele yangu akageuka na kunitazama kwa huruma. Subiri mpaka wapigaji washushe fidla zao na nyuso zao zilegee. (Nafsi yangu huituliza kwa kukumbuka kwamba mwaka 1778 Mozart alimwandikia babake kutoka Paris, akiwa na furaha tele, kwamba wasikilizaji walimpigia makofi katikati ya simfonia.) Ukichelewa utazuiwa mlangoni hadi kipande kiishe, na pipi ya kikohozi uimenye mapema, kwani karatasi yake hulia kuliko kikohozi chenyewe.

La muhimu zaidi ni kuchagua kazi moja katika ratiba na kuisikiliza nyumbani mara tatu kabla ya siku yenyewe. Pendekezo langu ni Simfonia namba 45 ya Haydn, ya mwaka 1772. Inasimuliwa kwamba mwanamfalme Nikolaus Esterházy aliwaweka wanamuziki wake kwenye kasri lake la kiangazi muda mrefu kupita kiasi, mbali na wake zao, na Haydn, aliyekuwa kiongozi wao, badala ya kulalamika kwa maneno, akatunga mwisho ambamo wapigaji huondoka jukwaani mmoja baada ya mwingine.

Nilipoiona ikipigwa, walitangulia mpiga obo wa kwanza (obo ni binamu wa zumari yetu) na mpiga baragumu wa pili, wakakusanya karatasi zao na kutoka kwa kunyata. Mpiga besi aliipitisha ala yake, ndefu kumzidi, katikati ya viti vilivyoachwa wazi, naye mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama wamekasirika. Mwishowe zikabaki fidla mbili zilizofifishwa sauti, zikinong'onezana mbele ya viti vitupu, na safari hii sikuthubutu kupiga makofi hadi wapigaji wale wawili nao walipoinuka.