Mwanangu, wa kuhama ni nani?

Mwanangu,

Salamu zimefika. Unauliza kama baba yako mdogo atolewe Longido aje kukaa nasi Arusha, maana ukame siku hizi unarudi kabla mifugo haijazaliana. Nitakujibu, ila naona lipo swali linalotangulia: ukame ukishika, ni nani mwenye uwezo wa kuhama?

Benki ya Dunia mwaka 2021 ilikadiria kuwa watu hadi milioni 216 huenda wakahama ndani ya nchi zao ifikapo 2050. Sawa. Lakini miaka 10 kabla, ripoti ya serikali ya Uingereza ilishaonya kwamba wengi watanasa palepale, kwa kuwa balaa linalowafukuza ndilo linalowanyang'anya nauli. Na nauli ya mfugaji ni ng'ombe mwenye nyama. Nimelisema hadi baba yako kachoka: ng'ombe huuzwa angali anatembea.

Piga hesabu. Zebu, ng'ombe wetu wa nundu, wa kilo 250 anataka kama kilo 6 za majani makavu kwa siku, na penye joto lita 30 hadi 40 za maji. Majani ya karibu na kisima huisha kwanza, malisho yakasogea mbali. Ng'ombe anaanza kunywa siku moja na kuruka moja, kisha anaruka mbili. Nguvu anayoipata malishoni anaimaliza njiani. Longido hadi malisho ya Kilindi, Tanga, ni zaidi ya kilomita 300. Kundi lenye afya, likienda kilomita 15 kwa siku, linatumia wiki tatu. Ng'ombe ambaye mbavu zinahesabika na nyonga zimechomoza hafiki. Akifika anakuta mbung'o, na asipochomwa Samorin, dawa ya sindano ambayo hukinga miezi miwili hadi minne, amekimbia njaa akaangukia nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao. Sindano nayo ni pesa.

Mwaka 2009 baba yako mdogo alikuwa nayo pesa hiyo, imesimama zizini na pembe zake. Masika yalikatika mapema, na Mei mnadani wanunuzi walikuwepo. Akasema angoje. Simlaumu. Hapana, namlaumu kidogo. Kuuza Mei ni kumeza bei ya mchuuzi huku mawingu bado yanapita. Mvua ikija, aliyeuza ndiye anayechekwa. Lakini kufika Agosti kila boma lilikuwa mnadani, bei ya ng'ombe imeporomoka, ya mahindi imepanda, na dume ambaye Mei angeleta magunia hakuleta hata moja. Septemba ndipo akawatoa vijana na kundi. Hawakufika mbali. Walioanguka walinyanyuliwa kwa mkia na pembe. Asiyeinuka inabidi ageuzwe ubavu kila baada ya saa chache, la sivyo misuli ya chini inakufa kwa uzito wake mwenyewe, na vijana wanne hawawezi kugeuza ng'ombe usiku kucha.

Kinachoniuma mpaka leo si lile jua, ni mvua. Ilikuja usiku, ya baridi. Ng'ombe aliyekonda hana mafuta chini ya ngozi, na tumbo lisilo na majani halizalishi joto. Akilowa, asubuhi amekakamaa. Wale waliouvuka ukame wote wakafa nyasi zinachipua! Zizi lililozibwa upepo na pumba kidogo vingeokoa baadhi yao. Basi.

Utasema ukame ulikuwepo tangu enzi za babu zetu. Ulikuwepo. Ila wanasayansi waliochunguza ule wa Pembe ya Afrika, 2020 hadi 2022, walikuta joto la dunia limeongeza uwezekano wake walau mara 100, kwa sababu joto hukausha hata udongo ulioonja mvua. Mwisho wa 2021 na huku kwetu, Simanjiro na Longido, mizoga ilitapakaa tena.

Na waliobaki bomani ni akina nani? Wanawake, wazee, watoto, mbuzi. Takwimu zinawaandika kuwa hawakuhama, kana kwamba wote walipenda. Wapo waliopenda kweli: eneo la malisho ukiliacha, mwingine analikalia. Wapo ambao hata punda wa kubeba maji ya njiani hawakuwa naye. Ukipita barabarani huwezi kuwatofautisha, na msaada unaomfaa mmoja haumfai mwingine.

Sasa baba yako mdogo. Mjini kijana wa Longido hupewa rungu na koti la ulinzi. Mzee wa umri wake hupewa kiti. Jibu ninalo, liko ulimini, lakini ng'ombe si wangu na boma si langu, kwa hiyo silitoi.

Ukimpigia simu, habari za kuhama usizianze wewe. Muulize alalili yake, ile nyasi ya akiba, itafika mwezi gani, na ana majike wangapi wasio na mimba wala ndama. Akisema haivuki Agosti, hao wauzwe Mei, akae au aondoke.

Mama yako