Dada, usimpeleke mtoto kwa jaja, bibi yake, wiki ileile unayomwachisha ziwa

Hiyo safari ya Jumatatu iahirishe. Mengine baadaye, hilo kwanza.

Umeandika kwamba mwanao ana mwaka mmoja na miezi saba, una mimba ya miezi mitatu, majirani wanakucheka kwa kunyonyesha mtoto anayetembea na kuomba ziwa kwa mdomo wake, na mama mkwe ameshapanga kila kitu: Jumapili usiku upake shubiri, Jumatatu asubuhi mtoto apandishwe taksi kwenda kwa jaja Masaka, akae wiki mbili asahau. Ukauliza umfungashie chakula gani, maziwa gani ya kopo ni mazuri, na kama ni aibu kunyonyesha ndani ya taksi. Mimi nilipofika kwenye shubiri na taksi, mikono ilianza kutetemeka. Mpango huo niliufuata mwaka 2015, hatua kwa hatua, na nusura nimzike binti yangu.

Tulikuwa tunaishi Walukuba, Jinja. Binti yangu wa kwanza alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Mchangamfu, mwenye maneno, akiliita ziwa "nyonyo" na kuvuta mshipi wa gomesi yangu mbele ya wageni. Wageni wakicheka, na mimi nacheka. Nikashika mimba ya pili, na kicheko kikageuka kuwa kesi. Wifi yangu akasema namnyonyesha mtoto maji ya mimba, kwamba nambemenda. Jirani Mganda akasema mtoto atapata obwosi, yaani ugonjwa wa mtoto anayenyonya mama akiwa na mimba. Mwingine akasema mtoto akinyonya hadi ukubwa huo anakuwa mzito wa akili, na wa kiume hata kuoa atashindwa. Kila mtu alikuwa na neno, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto anakula nini akiacha kunyonya.

Aliyenimaliza ni yule kijana wa duka la dawa. Koti jeupe, kalamu mfukoni. Nilikwenda kununua Panadol, nikamuuliza, kwa sababu nilidhani koti jeupe lina elimu ndani yake. Akaniambia: baada ya mwaka mmoja maziwa ya mama ni maji tu, na ukiwa na mimba ni sumu kabisa. Kisha akanyoosha mkono nyuma yake akaniuzia kopo la maziwa kwa pesa ambayo ingetulisha wiki nzima. Hadi leo nikikumbuka mkono ule unavyonyooka, damu inachemka. Hakuwa mganga, hakuwa mkunga, alikuwa muuzaji mwenye kopo mgongoni. Uganda ina kanuni za tangu mwaka 1997 za kudhibiti jinsi vyakula vya watoto wachanga na wadogo vinavyotangazwa na kuuzwa, na sababu yake ni hii hasa: mama mwenye hofu hununua chochote.

Basi usiku nikapaka shubiri. Mtoto akaja kama kawaida yake, akaonja, akatema. Hakulia mara moja. Aliniangalia usoni kwanza, kama anayeuliza. Asubuhi tukaenda kwa jaja yake, upande wa Kamuli. Wakaniambia nisimuage, nitoroke akiwa anacheza, nikiaga atalia. Nikatoroka. Nilijibanza nyuma ya kibanda cha chapati nikingoja taksi ijae, na kutoka pale nilimsikia akiniita.

Siku ya tatu matiti yalikuwa mawe. Homa, baridi, siwezi kuinua mkono. Wifi akanifunga kitenge kifuani, akakaza, eti maziwa yatarudi mwilini. Lakini hayo yalikuwa maumivu yangu, nayo yalipita.

Wiki mbili zikaisha. Nikataka kumfuata, nikaambiwa mwache azoee, ukienda sasa utamvuruga, ataanza upya. Nikatii. Wiki mbili zikawa sita. Kila nikipiga simu, jaja ananiambia mtoto ametulia, halii tena, hali sana lakini ananenepa, mashavu yamejaa.

Dada, soma hapo tena. Hali sana, lakini ananenepa. Mimi nilifurahi! Niliwatangazia majirani. Mtoto asiyekula hanenepi. Sijui akili yangu ilikuwa wapi, na sitaki yako iende huko.

Nilipofika nilimkuta amekaa mkekani, kimya, mikono mapajani. Miguu imevimba inang'aa. Nywele zimekuwa nyekundu-nyekundu, ukizigusa zinatoka. Ngozi ya mapaja inabanduka kama rangi ya ukuta. Nikamwita jina lake. Akanitazama, akageuza uso kwa jaja. Hiyo ndiyo picha ninayolala nayo miaka yote hii.

Jaja simlaumu hata kidogo. Mzee wa watu alimlisha alichonacho: viazi vitamu, uji wa muhogo, chai ya rangi. Kopo liliisha mapema ingawa alikuwa akilichanganya na maji mengi lipate kufika mbali. Maharage alipikiwa, akayakataa. Na hapa ndipo penye siri ambayo hakuna aliyenieleza: mtoto mwenye huzuni hali chakula. Katika mwaka wa pili, maziwa ya mama bado yanaweza kumpa mtoto karibu theluthi moja ya nguvu anayohitaji kwa siku. Ukiiondoa theluthi hiyo kwa usiku mmoja, lazima ale zaidi palepale ili kuziba pengo. Ukimwondolea na mama siku hiyohiyo, hata kile alichokuwa anakula anakiacha. Pengo linakuwa shimo.

Hospitalini muuguzi hakupoteza muda. Alibonyeza kidole gumba juu ya mguu mmoja, kisha wa pili, akaachia, mashimo yakabaki. Akazungusha utepe kwenye mkono wa juu, ukasoma njano, si nyekundu ya hatari, yaani zaidi ya sentimita 11.5. Nikapumua, nikidhani tumepona. Akanikatiza: uvimbe wa miguu yote miwili peke yake unatosha, huyu ana unyafuzi, kwashiakoo, analazwa leo. Tukakaa wiki tatu. Mwanzoni maziwa maalumu yanayoitwa F-75, kidogo kidogo kwa kikombe, kila baada ya saa tatu mchana na usiku, maana mwili uliodhoofu ukijazwa chakula kizito ghafla unaweza kuzimika. Baadaye F-100, yenye nguvu zaidi, kisha chakula cha tiba cha karanga cha pakiti. Wodini nilihesabu akina mama wanne wenye hadithi kama yangu: mimba, mtoto kupelekwa, mtoto kurudi amevimba.

Neno kwashiakoo lenyewe limetoka Ghana, kwa watu wa kabila la Waga. Daktari Cicely Williams alilikuta kwao miaka ya 1930 akaliingiza katika vitabu vya utabibu. Kwao lilikuwa jina la ugonjwa unaompata mkubwa pale mdogo wake anapokuja. Wale wazee walishaona kwamba mkubwa anaumwa, na jirani yangu wa obwosi naye alikuwa ameona kitu cha kweli. Kosa ni kudhani ugonjwa unatoka ndani ya ziwa la mama mwenye mimba. Unatoka katika kunyang'anywa ziwa bila kupewa cha kulifidia.

Na hii desturi ya kumpeleka mtoto mbali ili asahau si ngeni kwetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akawa anatembelea familia 26 katika vijiji vya karibu, na jambo mojawapo alilotaka kuchunguza ni hilo hilo: mtoto anatengwa na mama ili asahau ziwa. Akakuta wengi walishaanza kuiacha. Bibi zetu waliiacha, dada, na sisi tunairudisha kwa simu ya mkononi na taksi.

Sasa sikiliza kanuni yangu, ni moja tu. Ziwa na mama visiondoke siku moja. Ukitaka kumwachisha, mwachishe akiwa mapajani mwako. Ukitaka kumpeleka kwa jaja, mpeleke wakati mwingine, ziwa likiwa limeshasahaulika kwa raha, au nenda naye mkalale wote huko. Vyote viwili kwa pamoja, hapana. Hata mkwe akikasirika, hata tiketi ikiwa imelipwa.

Kuhusu mimba, kamuone mkunga wiki hii. Ukiwa unatokwa damu, au uliwahi kuzaa kabla ya siku, au una mapacha, anaweza kukuambia uache, na umsikilize. Mimba ya kawaida haigeuzi maziwa kuwa sumu. Yanapungua yenyewe na ladha inabadilika kadiri mimba inavyokua, na watoto wengine huacha wenyewe bila vita. Wewe ndiye unayehitaji kula zaidi, maana unalisha watatu. Na kama kuna mama anayesoma hapa akiwa anatumia dawa za virusi vya UKIMWI, ratiba yake aipange na kliniki yake, lakini hata kwake mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuacha polepole katika muda wa mwezi mmoja. Ghafla haimfai mtu yeyote.

Wanaokucheka wewe, waambie Shirika hilo hilo linasema miaka miwili au zaidi. Na kama mkwe ni mtu wa dini kama nyumbani kwetu, Sura ya Al-Baqara aya ya 233 inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kuitimiza, na kuachisha kabla ya hapo kunakuja kwa kuridhiana na kushauriana kwa baba na mama. Baba na mama. Wifi hakutajwa. Mimi nilishauriana na mtaa mzima isipokuwa mume wangu, ambaye aliporudi kutoka safari alikuta mtoto hayupo.

Mdogo wake nilimwachisha akiwa na miaka miwili na miezi minne, na ilichukua miezi minne. Nilianza na ziwa la mchana, maana ndilo analolikumbuka kidogo zaidi akiwa anacheza. Saa ile ile ikawa saa ya uji mzito wa wimbi wenye karanga, siku nyingine yai, siku nyingine mukene, yaani dagaa, waliosagwa wakachanganywa na viazi. Majuma kadhaa baadaye nikaondoa la asubuhi. La usiku lilikuwa la mwisho, na hapo baba yake ndiye aliyelala naye, mimi chumba cha pili, karibu, hata nikikohoa nasikika. Alilia usiku tatu, mikononi mwa mtu anayempenda. Akiumwa au akiota meno nilirudi nyuma hatua moja. Hakukuwa na shubiri. Mtoto hapaswi kujifunza kwamba kifua cha mama kinaweza kugeuka kichungu bila taarifa. Na kila wiki nilimbonyeza miguu. Mazoea yale sijayaacha, hata watoto wa majirani nawabonyeza, na mama zao wananionea ajabu.

Binti yangu mkubwa yuko hai. Anasoma, ana kelele, anabishana. Lakini baada ya hospitali alikaa miezi mingi hataki nitoke machoni pake, hata nikienda chooni anasimama mlangoni analia. Ziwa nilijaribu kumrudishia pale wodini, muuguzi aliniambia naweza. Maziwa yalikuwepo kidogo. Alilitazama, akafumba mdomo.

Mnaotaka kuja hapa kusema "mimi nilipelekwa kwa jaja na sikufa", nashukuru Mungu hamkufa. Wodi ile niliyolala haina nafasi ya kuja kuandika hapa.

Dada, mpigie jaja wa Masaka umwambie mtoto haji Jumatatu, na kama anamtaka mjukuu basi aje yeye, akae nanyi, asaidie kupika ule uji. Halafu rudi uandike neno moja tu: yupo.